Re: Nimerudishwa getini na kifusi cha bafu, eti nilipie, ni halali?

Pole sana ndugu yangu. Kama uko England na bafu umebomoa mwenyewe kwako, kwenye kituo cha taka cha kaunsili (halmashauri ya eneo lako) hawatakiwi kukuchaji, toka 31 Desemba 2023 taka za matengenezo madogo ya nyumbani ni bure, ila mwisho mifuko miwili ya lita 50 kwa safari, na safari nne ndani ya wiki nne. Ukizidisha hapo wanaruhusiwa kukutoza.

Sasa ishu ya gari ndo inaniuma hata mimi, maana niliazima vani kupeleka godoro moja tu, nikaambiwa sina kibali na sijabuku, nikarudi nalo mpaka nyumbani wakati ndani kweupe hakuna hata foleni, na asiye na gari ndo kabisa, vituo vingine mtu wa miguu haingii. Hii inaumiza watu wanaotaka kufuata sheria!

Buku muda kwenye tovuti ya kaunsili yako, ulizia kibali cha vani, beba leseni yenye anwani. Na usimpe mtu wa mtaani akutupie kwa bei chee, akimwaga porini faini inaweza kukurudia wewe.