Mvua ikikatika, kaa barazani: ndege wa uani Tanga wakati wa masika

Masika ya Tanga hayabembelezi. Mvua hupiga mabati saa nzima, kisha hukatika ghafla, na nusu saa inayofuata ndiyo yenye ndege wengi uani. Wameshinda na njaa, manyoya yamelowa, na wadudu wanatoka ardhini. Anayengoja majani yaishe kudondosha matone ameshachelewa.

Kaa barazani ikiwa bado manyunyu, jua liwe mgongoni mwako, mita tano au sita kutoka kwenye mti. Darubini ya 8x42 inatosha: 8 ni ukuzaji, 42 ni upana wa lenzi kwa milimita. Ya ukuzaji wa 12 hutikisika mkononi. Darubini ikitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi hufunga ukungu, basi itoe nje robo saa mapema. Usiifute kwa pindo la kanga. Chumvi na mchanga hukwaruza kioo.

Wengi hukosea kwa kufuata rangi. Ndege aliyelowa huonekana mweusi na mwembamba, hata chozi, yule ndege mdogo wa kunyonya maua, anayeng'aa siku zote. Tazama mdomo na mkia. Shore, hata akiwa chepechepe, umanjano wa chini ya mkia haupotei. Kuzumburu utamjua kwa mkia mrefu na kule kuning'inia kwake tawini.

Wa kumtafuta hasa ni dudumizi. Hupanda juu ya ua wa michongoma, akalipa jua mgongo, akatandaza mabawa na kutulia hivyo kama nguo iliyoanikwa. Sauti yake ni ya maji yanayomiminwa kutoka chupa ya shingo nyembamba. Husemwa anaita mvua, lakini hulia hata ikishapita.

Kumbikumbi wakianza kutoka shimoni jioni, acha mengine yote. Mramba, ndege mweusi mwenye mkia wa panda, hutua kwenye waya, huchupa, hunasa mmoja hewani, hurudi palepale, na mbawa za kumbikumbi hudondoka chini yake. Taa ya nje izimwe, la sivyo kumbikumbi wataifuata ukutani na tamasha litaishia hapo.

Wali uliobaki usiuweke nje. Huchacha upesi, tena huita kunguru, wale walioletwa Unguja miaka ya 1890 wakaenea pwani, nao hula mayai na makinda. Weka sinia la maji yenye kina cha sentimita tatu, na jiwe katikati. Yabadilishe kila baada ya siku mbili, mbu wasizaliane.

Kinda aliyeanguka akiwa na manyoya, mweke tawini uondoke. Wazazi hawamkatai kwa harufu ya mkono. Akiwa uchi, mrudishe kiotani. Kiota kimeanguka? Kifunge ndani ya kikapu kidogo chenye matundu chini, mti uleule. Usimtilie maji mdomoni, huingia kwenye njia ya hewa. Na paka afungiwe ndani.