Injini mpya kwenye gari la zamani: kabla hujanunua kontroli boksi nyingine, pima waya wa koili

Mkuu, nimesoma tatizo lako. Umetoa injini ya kabureta kwenye gari la miaka ya 70, umeweka ya injekta, ukipiga stata inawaka vizuri, ukiachia tu ufunguo inazima. Fundi kakwambia kontroli boksi (kompyuta inayoendesha injini) imekufa, tafuta nyingine. Subiri kwanza. Mimi nilihangaika na dalili hiyohiyo wiki tatu, na boksi langu lilikuwa zima tangu mwanzo.

Gari langu ni Datsun 240Z ya 1972. Nilitoa injini yake ya L24 yenye kabureta mbili nikaweka injini ya Nissan RB25DE ya injekta. Kama wewe, niliona waya wa zamani uliokuwa unalisha koili (inayotengeneza umeme wa plagi), nikaupima na mita nikakuta volti 12.4, nikafurahi. Nikauunga kwenye waya wa umeme wa injini mpya: boksi, koili sita, injekta, vyote vikanywa humo.

Sasa, magari mengi ya enzi hizo yana rezista, yaani kipande kinachopunguza umeme, kwenye njia ya koili. Kwa Datsun ni kile kipande cheupe cha kauri kilichofungwa jirani na koili. Magari mengine wameficha waya maalumu wenye ukinzani ndani ya fungu la nyaya, huuoni kabisa. Koili ya mfumo wa zamani wa pointi haikutengenezwa kupokea volti 12 muda wote, kwa hiyo ukiwa unaendesha umeme unapita kwenye rezista na kupungua. Ukipiga stata, swichi inairuka rezista ili koili ipate umeme kamili. Umeshaona inakoelekea? Ukipiga stata boksi lako linashiba, injini inawaka. Ukiachia, umeme unarudi kupitia rezista, boksi linalala njaa, injini inakufa.

Mbona mita ilisoma 12.4? Kwa sababu mita hainywi umeme. Rezista haipunguzi kitu mpaka kuna mzigo unaovuta. Kwa hiyo fanya hivi: chukua balbu ya breki ya wati 21, ichomee nyaya mbili, ifunge kati ya huo waya na hasi ya betri, washa ufunguo, halafu pima volti balbu ikiwa inawaka. Yangu ilishuka hadi karibu 10, na hiyo ni balbu moja tu inayovuta chini ya ampea 2. Jumlisha koili na injekta uone itabaki nini.

Dawa yake si kuitoa rezista tu halafu ukaendelea. Swichi ya ufunguo yenye miaka 50 usiibebeshe injini nzima. Vuta waya mpya wa milimita za mraba 6 kutoka chanya ya betri, weka fyuzi karibu kabisa na betri (fyuzi inalinda waya, na kipande kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi), upeleke kwenye rilei (swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa) kwenye pini namba 30, utokee pini 87 kwenda kwenye injini. Waya wa zamani uukate upande wa ufunguo, kabla ya rezista, uupeleke 85 kazi yake iwe kuamsha rilei tu. 86 iende ethi, yaani kwenye bodi inayorudi hasi ya betri. Hakikisha huo waya una umeme ufunguo ukiwa ON na pia wakati wa kupiga stata. Zipo nyaya za redio na hita zinazokatika wakati wa stata. Ukichukua umeme huko utaletewa ugonjwa wa kinyume, gari lisiloshika mpaka uachie ufunguo.

Pampu ya mafuta ipe rilei yake, na rilei hiyo iamrishwe na boksi. Najua watu wanaiunga moja kwa moja kwenye ufunguo. Siku ukipata ajali injini ikazima, pampu itaendelea kumwaga petroli.

Ethi. Hapa ndipo nilipoona moshi. Injini imekaa juu ya raba, na mimi nilisahau kurudisha ule mkanda wa shaba unaoiunganisha na bodi. Stata ikavuta umeme wake ikatafuta njia ya kurudi, ikaipata kwenye kebo ya akselereta. Kebo ilipata moto mpaka ganda lake likayeyuka mbele ya macho yangu. Funga mkanda mnene kutoka kwenye bloku kwenda hasi ya betri na mwingine kwenda kwenye bodi, ukwangue rangi mpaka chuma king'ae. Kisha weka mita kwenye bloku na kwenye nguzo ya hasi, mtu apige stata. Ikizidi nusu volti bado una kazi. Yangu baada ya kurekebisha ilisoma 0.15. Ethi za sensa usiziguse, ziache zirudi kwenye boksi zilivyokuja. Na ganda la waya wa sensa ya krenki lipate ethi upande mmoja tu.

Kioja kingine, maana nina uhakika utakutana nacho. Alternata ya RB ina regulata ndani na inataka umeme mdogo kwenye waya wa L ili iamke. 240Z haina taa ya chaji, ina ampmita, kwa hiyo nikaongeza balbu ya wati 3. Ikachaji. Jioni nikazima ufunguo, nikautoa, nikaushika mkononi, na injini inaendelea kunguruma! Taa ya chaji inamulika kwa mbali. Kumbe alternata ilikuwa inarudisha umeme kupitia balbu mpaka kwenye rilei, nayo ikagoma kuachia. Diodi moja ya ampea 1 (hupitisha umeme upande mmoja tu) kwenye waya huo, mstari wake ukielekea kwenye alternata, ikamaliza mchezo. Ampmita yenyewe niliiruka. Umeme wote wa alternata mpya kupita nyuma ya dashibodi sikuutaka.

Geji ya joto irudishie sensa yake ya zamani, utafute adapta ya kuoanisha nyuzi za kukazia sensa. Ya injini mpya ni ya boksi, haitaongea na geji yako. Geji ya RPM (mizunguko ya injini) ya 240Z inasoma mkondo wa koili moja, na wewe huna tena koili moja, kwa hiyo hiyo iache ya mwisho kabisa.

Kwa leo fanya jaribio la balbu tu. Niandikie volti bila balbu na volti ikiwa na balbu, na uniambie waya ulioutumia ulikuwa na rangi gani.