Kupanda juu ya KICC bila kuwa na mkutano

Unaruhusiwa, ndugu, kupanda juu ya KICC, lile jengo refu la mikutano katikati ya Nairobi, hata kama huna mkutano wowote pale. Beba kitambulisho maana mlangoni kuna ukaguzi. Ukishalipia, lifti inakupandisha hadi karibu na kilele, halafu unamalizia kwa ngazi mpaka uwanja wa helikopta. Huko juu upepo hauna mchezo, kofia ishike! Chini yako ni Bunge na sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta, kusini mbuga ya wanyama. Mimi napenda zaidi jengo lenyewe: limefunguliwa 1973, na ukumbi wake wa pembeni wenye umbo la koni hauzeeki. Ila kukiwa na kongamano la marais, usijisumbue, barabara za karibu huweza kufungwa.