Jibu: Shimo la Kimberley, nenda tu

Dada, umeuliza kama Shimo Kubwa la Kimberley, ule mgodi wa zamani wa almasi, linastahili nusu siku mkiwa Afrika Kusini. Linastahili. Mimi wa Ngamiani, Tanga, machimbo ya chokaa ya Pongwe nimeyazoea, lakini pale magoti yalilegea. Jukwaa la chuma limetokeza nje ya ukingo, unashika reli huku ndege wanaruka chini ya miguu yako (chini, si juu!), na chini zaidi maji ya kijani, kimya. Almasi zilichimbwa 1871 hadi 1914; upana mita 463, na kwa sururu na koleo walifika mita 240. Hebu fikiria migongo ya wale watu. Mkienda Julai, beba sweta zito, asubuhi yake Lushoto haioni ndani.