Injini yako ina kilo ngapi? Majibu kwa maswali yenu

Rafiki yangu anasema V8 ya Rover ina kilo 144. Kitabu nilicho nacho kinasema 170. Nani anadanganya?

Hakuna anayedanganya, ila kila mmoja amekupa nusu ya habari. Kilo 144 ni za Buick ya 1961, injini iliyoizaa hiyo ya Rover: silinda 8, lita 3.5, bloku na silinda hedi zote za alumini. General Motors waliisubu kwa kalibu za kudumu, slivu za chuma (mirija ambamo pistoni hutembea) zikiwa zimeshawekwa ndani. Rover walinunua haki mwaka 1965, wakahamia kalibu za mchanga na slivu za kushindilia, na bloku ikanenepa kidogo. Hiyo ni sehemu ya tofauti. Iliyobaki itafute kwenye vitu vilivyokuwa vimefungwa siku ya kupima: staata, altaneta, manifodi ya eksozi, klachi, flaiwili (gurudumu zito lililofungwa mwisho wa krankishafti), mabano ya kushikia injini. Lita 5 za mafuta peke yake zinapita kilo 4.

Hapa ndipo ninapogombana na watu kila mwezi. Namba inanakiliwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine mpaka inaonekana kweli, na hakuna anayeuliza mizani ilibeba nini. Ukitaka nikuamini, ning'iniza injini kwenye mizani kisha andika: ina flaiwili au haina, ina staata au haina, kavu au ina mafuta. Na ukikuta namba ya Marekani au ya Uingereza, hakikisha kwanza kama ni ratili au kilo. Ratili moja ni kilo 0.4536. Nimeona mtu akinunua springi mpya za mbele kwa sababu ya kosa hilo tu.

Nataka kuweka V8 hiyo kwenye gari langu la michezo, MGB. Naambiwa pua ya gari itakuwa nzito na usukani utaharibika. Ni kweli?

Si kweli, na ushahidi uko kwenye historia ya gari lilelile. Injini ya asili ya MGB ina silinda 4 na cc 1798, bloku na hedi zote za chuma cha kusubu, na uzito wake ni kama kilo 162. Mwaka 1967 kiwanda kiliingiza silinda 6 ya cc 2912, nayo ya chuma, gari likaitwa MGC. Injini hiyo ilizidi ya silinda 4 kwa kilo 95. Haikuenea juu ya boriti ya mbele, hivyo ikabidi wabadilishe mfumo mzima wa springi za mbele na kuweka baa za kujipinda, yaani vyuma virefu vinavyofanya kazi ya springi. Waandishi wa magari walilalamika kwamba gari halitaki kuingia kwenye kona, na uzalishaji ukakoma 1969.

Kisha akaja Ken Costello, fundi binafsi, akaanza kufunga V8 ya alumini kwenye MGB. Silinda zimeongezeka maradufu, ujazo ni cc 3528, na uzito wa mbele haukubadilika kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Kiwanda kikafuata kwa MGB GT V8 kati ya 1973 na 1976, gari 2,591 tu. Kwa hiyo anayekuambia pua itazama amechanganya V8 na MGC, au anadhani silinda nyingi lazima zije na chuma kingi.

Hujaniuliza, lakini nakuambia: kilo si tatizo lako, nguvu ndiyo tatizo. Breki za mbele, radieta, klachi na uwiano wa difu (gia za ekseli ya nyuma) vyote vinapaswa kufuata injini. Anayefunga V8 akaacha breki za silinda 4 sitaki kuona gari lake barabarani. Na kabla ya kuchomelea mabano, angalia kama unaweza kuisogeza injini nyuma. Injini ya kilo 160 ikirudi nyuma sentimita 10 kwenye gari lenye mita 2.3 kati ya ekseli, kilo 7 hivi zinahama kutoka magurudumu ya mbele kwenda ya nyuma, na hakuna kitu ulichonunua.

Kati ya injini zote za magari ya michezo ya zamani, ipi nyepesi kuliko zote?

Nepesi kwa ujazo gani? Kwa nguvu gani? Swali hili linaletwa tena na tena bila kitu hata kimoja kati ya hivyo, na haliwezi kujibika. Injini ya pikipiki ni nyepesi kuliko zote mlizowahi kuniandikia, na haimsaidii yeyote kati yenu.

Nitakupa hata hivyo jina la kulichunguza: Coventry Climax FW. Serikali ya Uingereza ilitaka pampu ya zimamoto inayobebeka, itoe maji mara mbili ya ile ya zamani kwa nusu ya uzito. Walter Hassan na Harry Mundy wakachora injini ndogo ya alumini yenye kamshafti juu ya hedi. Watu wa mashindano walipoiona hawakulala. Toleo la cc 1216 likaishia kwenye Lotus Elite ya 1957. Wepesi ule ulitokana na sharti lililowekwa siku ya kwanza ya kuchora, kabla hata chuma hakijayeyushwa. Ninyi mnaonunua boliti za titani kwa ajili ya injini ya chuma, tafakarini hilo.

Alumini ni theluthi ya uzito wa chuma. Kwa nini basi injini ya alumini si theluthi ya uzito?

Kwa sababu hakuna injini ya alumini tupu. Sentimita moja ya ujazo ya chuma cha kusubu ina gramu 7.2, ya alumini gramu 2.7, mpaka hapo uko sahihi. Lakini alumini ni laini na hunyumbuka zaidi, hivyo kuta na mbavu za bloku hufanywa nene. Mara nyingi unaongeza slivu za chuma. Na krankishafti, konrodi, kamshafti, flaiwili na gia za staata hazijabadilika hata gramu moja.

Mfano mzuri ni Chevrolet ZL1 ya 1969, lita 7. Ndugu yake, L88, tayari alikuwa na hedi za alumini, kwa hiyo badiliko kubwa lilikuwa bloku. Faida ilikuwa takriban kilo 45. Ni nyingi, lakini theluthi haikaribii.

Nikitoa dinamo ya zamani nikaweka altaneta, nitapunguza uzito?

Ndiyo, kilo chache, tena mbele kabisa ya injini ambako zinahesabika. Geuza waya za betri kama gari lako ni la chanya kwenye bodi, yaani ncha chanya ya betri imefungwa kwenye bodi, la sivyo utaichoma altaneta siku hiyohiyo.

Fundi anataka kukereza flaiwili yangu apunguze kilo 3. Kilo 3 kwenye gari zima zina maana gani?

Zina maana kubwa, kwa sababu flaiwili haibebwi tu, inazungushwa. Fanya hesabu. Kilo 3 zikitolewa karibu na ukingo, tuseme sentimita 13 kutoka katikati, kwenye gari ambalo gia ya kwanza na difu kwa pamoja ni 13 kwa 1, na tairi lina nusu kipenyo cha sentimita 30. Wakati wa kuongeza mwendo katika gia ya kwanza, gari linajisikia kana kwamba umeshusha kilo 95. Ukifika gia ya juu, yenye uwiano wa 3.9 kwa 1, faida imeshuka hadi chini ya kilo 9. Uwiano unajizidisha wenyewe, ndiyo maana tofauti ni kubwa hivyo.

Sasa mahali pa kukereza. Kilo zilezile zikitolewa karibu na katikati hazileti karibu chochote, na ndipo hasa flaiwili inapohitaji nguvu kwenye boliti. Fundi asiyejua hilo atakudhoofishia flaiwili bure. Na kama ni ya chuma cha kusubu, usiikereze kwa ajili ya mizunguko mikubwa. Chuma hicho hupasuka bila kuonya, na vipande vyake hukata boksi la gia, sakafu ya gari na miguu ya dereva. Nunua iliyotengenezwa kwa feleji, isawazishwe pamoja na krankishafti na klachi, kisha ndipo uzungushe unavyotaka.

Nina Porsche 911 ya lita 2.7 yenye kasha la magnesi. Nibaki nalo au nitafute la alumini?

Kasha la magnesi, yaani ganda la injini linaloshika krankishafti, lilianza 1968 na liliokoa kilo 10 hivi. Kwenye gari lingine ningesema achana nazo. Kwenye 911 injini imening'inia nyuma ya ekseli ya nyuma, na Porsche wenyewe walihangaika na uzito huo kwa miaka. Waliweka vyuma vya kuongeza uzito kwenye bampa ya mbele. Kwa modeli ya 1969 wakaongeza umbali kati ya ekseli kwa milimita 57. Mwaka 1972 walisogeza tangi la mafuta ya injini mbele ya gurudumu la nyuma, likawa na kifuniko cha nje, watu wakajazia petroli humo, likarudishwa lilikokuwa.

Kwa hiyo kilo 10 pale nyuma ni mali. Tatizo ni kwamba lita 2.7 huzalisha joto kuliko kasha hilo linavyostahimili, na stadi za hedi (boliti ndefu zinazoshikilia hedi) hung'oka kwenye nyuzi zake. Turbo ya 1975 ilipotoka, Porsche waliipa kasha la alumini. Ushauri wangu: baki nalo, lakini kila tundu la stadi liwekewe nyuzi za chuma kabla injini haijafungwa. Na mwambie mkerezaji wako kwamba vipande vya magnesi vikishika moto maji huuchochea. Awe na mchanga mkavu karibu.

V12 ya Jaguar inaizidi silinda 6 kwa kilo 36 tu. Je, itaingia kwenye E-Type yangu ya silinda 6?

Hapana. Kilo hizo chache ni kazi nzuri ya alumini, na Hassan na Mundy wale wale walihusika. Lakini E-Type ya V12 ya 1971 ilipewa fremu ya mbele tofauti na umbali wa ekseli wa milimita 2,667 badala ya 2,438, pamoja na breki za kupitisha hewa. Uliza kwanza urefu na upana wa injini, kisha ndipo uulize uzito.

Winchi yangu imeandikwa tani 1. Naweza kuitoa injini ya MGC ikiwa pamoja na boksi la gia?

Tani 1 ni mkono ukiwa umefupishwa kabisa. Winchi nyingi za aina hiyo, mkono ukirefushwa hadi mwisho, zimeruhusiwa kilo 250 tu, na injini ya MGC peke yake inapita hapo. Soma namba iliyo kwenye tundu la mwisho utakalotumia. Toa boksi la gia kando, au fungua uso wa mbele wa gari ili winchi isogee karibu. Na injini ikiwa hewani mtu asiingie chini yake, hata kwa kuchomoa boliti moja.