Jino Lisilokuwepo Kwenye Fomu Yako

Wewe unayeanza utafiti wa meno ya watoto wadogo, chunga sana safu ya meno yaliyong'olewa. Mtoto ana meno ya utoto 20, na fomu inataka ujumlishe yaliyooza, yaliyong'olewa kwa kuoza na yaliyozibwa. Anakuja mtoto wa miaka minne, hana tundu hata moja, ila chonge mbili za chini hazipo. Mgeni huandika "yaling'olewa kwa kuoza" na kumwita anayefuata. Ngoja kwanza. Chonge za chini haziozi kirahisi. Zikikosekana zote mbili, na majirani zake ni wazima, fikiria "meno ya plastiki": mtoto mchanga alipata homa na kuhara, mtu akaona uvimbe mweupe kwenye fizi, akadhani ndio chanzo cha ugonjwa, akachimbua jino ambalo halijatoka. Huko si kuoza. Ukiyajumlisha meno hayo humo, wastani wako wote umeharibika.

Usimuulize mama kwa sauti ya mkaguzi, "Mlimng'oa meno ya plastiki?" Atakataa. Sema, "Mama, alipokuwa mchanga aliwahi kuugua sana? Mkampeleka kwa nani?" Kisha nyamaza, mwache aseme.

Mtoto wa miaka miwili usihangaike kumkalisha kitini. Kaa na mama mkitazamana, magoti yenu yagusane. Mtoto amkabili mama, miguu ikimzunguka kiunoni, kisha mlazeni taratibu hadi kichwa kifike mapajani pako. Akilia, si neno, mdomo si umefunguka? Inua mdomo wa juu, ufute meno ya mbele kwa shashi na utazame karibu na fizi, maana uozo wa watoto wadogo mara nyingi huanzia hapo. Ya chini hulindwa na ulimi na mate. Doa jeupe lisilo na shimo halihesabiwi kuwa uozo kwa utaratibu wa WHO. Mimi huliwekea safu yake, kwani hapo floraidi bado inaweza kuliokoa jino.

Mtoto mmoja katika kila kumi mpime tena, bila kuchungulia fomu ya kwanza, uone kama majibu yako yanalingana.

Ukiingia kwenye utafiti wa tiba, amua mapema utapima nini. Wengi hupima kama kizibo bado kipo, wakati mzazi anataka kujua kama mtoto atalala usiku. Jaribio la FiCTION la Uingereza, la watoto 1,144 wa miaka 3 hadi 7, lilipima maumivu na usaha. Kuchimba na kuziba, kuufungia uozo ndani, au kinga peke yake: hakukuonekana tofauti ya wazi. Wala usidhani kila mbinu hutoka ng'ambo. Kusafisha tundu kwa vifaa vya mkono na kuziba bila mashine wala umeme kulianzia Tanzania, katikati ya miaka ya 1980.

Dawa ya madini ya fedha na floraidi husimamisha uozo, lakini sehemu iliyooza hubaki nyeusi kama mkaa. Waonyeshe wazazi picha kabla hawajasaini ridhaa, la sivyo kesho hutawaona, wao na majirani zao.

Utakutana pia na jipu la jino. Karatasi ya rufaa pekee haimfikishi mtoto popote. Ongea mapema na kliniki ya meno ya wilaya: siku gani wanang'oa, ganzi ipo? Nauli ya mama na mtoto iingie kwenye bajeti unayopeleka kuombea kibali cha maadili.