Nataka kujua mtoto amekwama wapi

Mhariri, swali lenu la wiki hii linatuuliza walimu tumejiwekea malengo gani ya kuendelea kukua kitaaluma, na tutajuaje kwamba tumeyafikia. Nafundisha Hisabati darasa la tatu katika shule ya msingi ya kijijini, wilaya ya Chamwino, na huu ni mwaka wangu wa 11 kazini. Lengo langu kubwa ni kufika mahali ambapo, nikitazama jibu lisilo sahihi katika daftari la mtoto, nitaweza kueleza amefikiri nini hadi akalipata. Mengine yote ninayoyapanga yanalitumikia hilo.

Lilianza na hesabu moja. Februari mwaka jana nilitoa marudio ya kutoa, na miongoni mwa maswali lilikuwemo 52 kutoa 27. Binti mmoja wa dawati la tatu aliandika 35. Nilimkosesha kwa kalamu nyekundu, kama nilivyowakosesha wenzake wengi waliopata jibu lilelile, kisha nikarudia ubaoni maelezo yaleyale ya kukopa kumi, safari hii kwa sauti ya juu zaidi. Mwenzangu wa darasa la pili alikuwa ameketi nyuma, kwa sababu tulikubaliana katika Jumuiya ya Kujifunza ya shule yetu, yaani kikao cha walimu cha kujifunza pamoja, kwamba kila mwalimu atatembelewa akiwa anafundisha. Alimwinamia yule binti, akamuuliza kwa upole, "Umepataje hapa?" Mtoto alijibu bila kusita: "Mbili haitoi saba, mwalimu, kwa hiyo nimetoa mbili kwenye saba, nikapata tano. Halafu tano toa mbili, tatu."

Nilibaki nimesimama na chaki mkononi. Yule mtoto hakuwa amekisia, wala hakuwa mvivu. Alikuwa na kanuni yake, aliifuata hatua kwa hatua, na kanuni hiyo ilikuwa imempa majibu sahihi kila alipopewa hesabu zisizohitaji kukopa, kwa kuwa katika hesabu hizo tarakimu ndogo hutolewa kwenye kubwa. Maelezo yangu ya ubaoni hayakuigusa kanuni hiyo hata kidogo. Jioni nilibeba madaftari yote 78 hadi nyumbani, nikayapitia upya bila kalamu nyekundu. Wapo waliofanya kama yule binti. Wapo waliokopa kumi lakini hawakukumbuka kupunguza makumi yaliyobaki. Wapo walioandika mamoja chini ya makumi. Na wapo wachache, jambo lililonishangaza zaidi, ambao wakisoma "mbili toa saba" huelewa kwamba mbili ndiyo inayotolewa. Neno letu wenyewe la Kiswahili, ambalo sikuwahi kulitilia shaka, lilikuwa limewafungulia njia mbili, nao wakashika ile ambayo mimi sikuiona.

Kesho yake tulikata mabua ya uwele vipande vifupi, tukayafunga mafungu ya kumi kumi kwa nyuzi za magunia ya zamani. Nilimpa yule binti mafungu matano na mabua mawili, nikamwomba anipe mabua 27. Alinipa mafungu mawili upesi. Kisha akayatazama yale mawili yaliyo peke yake, akanitazama mimi, akarudi kuyatazama, na baada ya muda ambao nilijizuia kwa taabu nisiseme neno, alifungua fungu moja mwenyewe.

Tangu siku hiyo nina daftari ninalorekodi makosa, kila kosa na maelezo ya mtoto mwenyewe kama alivyoyasema. Katika masomo yangu ya stashahada nilisoma kuhusu Lee Shulman, msomi wa Marekani aliyeeleza mwaka 1986 kwamba kulijua somo na kujua namna linavyofundishika ni maarifa mawili tofauti, na kwamba hayo ya pili ni pamoja na kujua mawazo ambayo wanafunzi huja nayo darasani. Wakati ule niliyakariri kwa ajili ya mtihani. Sasa nayaelewa kwa sababu nina kurasa 60 za mifano.

Mpango wa serikali wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, umepatia jambo moja ambalo naliona kubwa kuliko moduli zake zote: mwalimu anajifunza shuleni kwake, pamoja na wenzake, juu ya watoto anaowafundisha. Nimewahi kwenda semina za siku tatu mjini nikarudi na cheti na begi, na Jumatatu nikafundisha kama Ijumaa iliyopita. Hata hivyo jumuiya nayo hukauka ikiwa tutakutana kusoma moduli kwa zamu na kusaini mahudhurio. Kwa hiyo nimeomba, na mwalimu mkuu ameridhia, kwamba kila kikao chetu kianze na madaftari matatu ya wanafunzi mezani kabla ya kufungua kingine chochote.

Lengo jingine huenda likawashangaza wasomaji: najifunza Kigogo, lugha ya wenyeji wa hapa. Mimi ni mtu wa Rombo, na kwa miaka mingi Kigogo changu kiliishia kwenye salamu ya "mbukwenyi" na bei za sokoni. Lugha ya kufundishia ni Kiswahili na sina nia ya kuibadili, lakini mtoto anapomnong'oneza jirani yake namna alivyopata jibu, hunong'ona kwa lugha ya mama yake, na hapo ndipo penye habari ninayoitafuta. Jirani yangu muuza karanga hunifundisha kila Jumapili jioni, na hanionei haya ninapokosea.

Kuhusu shahada, ninakusudia kujiunga na Chuo Kikuu Huria, ambacho kina kituo hapa Dodoma, ili nisome bila kuacha kazi. Wengi wakishapata shahada huhamia sekondari au ofisini, na sina neno nao. Mimi ninaitaka ili nibaki darasa la tatu nikiwa mwalimu bora zaidi, kwa sababu mtoto asiyeelewa makumi na mamoja katika umri huo atapata shida na sehemu, na desimali, na kila kinachofuata.

Nitajuaje kwamba nimefika? Nimejitungia kipimo. Kabla ya kutoa zoezi huchagua watoto 20, nikaandika pembeni jibu ambalo nadhani kila mmoja atalitoa na njia atakayopitia, kisha baada ya kusahihisha huwauliza mmoja mmoja na kulinganisha. Siwezi kufanya hivyo Machi, wakati uwele umeiva na watoto wengi wako mashambani wakiamia ndege, kwa hiyo nimepanga Julai na Novemba. Julai iliyopita, kati ya watoto 20, nilipatia kwa 9. Novemba nataka wafike 15, na mwenzangu wa darasa la pili amekubali kuketi nyuma tena, yeye akiwauliza na mimi nikisikiliza.